Kariakoo na Kariokor: Wakazi wa Katikati ya Jiji, Dar es Salaam na Nairobi

Mkazi wa katikati ya jiji ni mtu anayelala humo, hata kama riziki yake anaitafuta kwingine. Anayeshinda humo na kuondoka jua likizama ni mgeni wa mchana tu. Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam na Nairobi, majiji mawili yanayogombea kwa miaka mingi kuwa mlango wa biashara wa Afrika Mashariki, yana sura mbili tofauti. Katikati ya Dar es Salaam watu wanaishi: watoto wanakulia humo, harusi zinapita mitaani, na jeneza huteremshwa kwenye ngazi za ghorofa kupelekwa makaburini. Katikati ya Nairobi watu wanafanya kazi, wananunua, wanaabudu saa saba mchana na kupanda matatu jioni. Usiku ukiingia, mji ule wa kwanza huwasha taa jikoni, na ule wa pili hufunga milango ya chuma.

Anayetazama takwimu za jumla anaweza kutarajia kinyume chake. Sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta Nairobi ina watu 4,397,073, wastani wa watu 6,247 kwa kila kilomita ya mraba. Sensa ya Tanzania ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, lakini wametawanyika kwenye eneo linalokaribia kuwa mara mbili ya Nairobi, hivyo wastani hauvuki 4,000 kwa kilomita ya mraba. Kwa ujumla wake Nairobi imesongamana zaidi. Msongamano huo, hata hivyo, hauko katikati. Uko Embakasi, ambako kaunti ndogo moja ilihesabiwa watu 988,808, uko Kasarani yenye 780,656 na Njiru yenye 626,482, na uko Mathare, ambako watu 206,564 wamebanana kwenye bonde dogo la mto. Mtu akichora ramani ya Nairobi kwa wino mzito pale wanapolala watu wengi, wino utakoza mashariki na kufifia kadiri unavyokaribia jengo la KICC katikati ya mji.

Ugumu wa kwanza wa kulinganisha ni mpaka. Hakuna jiji kati ya haya mawili lenye kitengo cha utawala kinachoitwa «katikati ya jiji» kikalingana na kile ambacho wananchi wanakiita hivyo. Mkazi wa Mbagala akisema anakwenda mjini, anaweza kuwa anakwenda Posta au anakwenda Kariakoo, na sehemu hizo mbili zina sura, bei na watu tofauti. Mkazi wa Kayole akisema anaingia tao, kwa kawaida ana maana ya pembe nne iliyozungukwa na Uhuru Highway, University Way, Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, pamoja na ule upande wa chini unaoteremka kutoka Moi Avenue hadi River Road na mto wenyewe. Mwaka 2021 mambo ya Dar es Salaam yalizidi kuchanganya pale halmashauri ya zamani ya jiji ilipovunjwa na manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi na kupewa jina la Jiji la Dar es Salaam. Kisheria, basi, aliyeko Chanika yuko jijini na aliyeko Masaki hayuko. Kwa anayetafuta wakazi wa katikati, mipaka ya namna hiyo inapotosha kuliko kusaidia.

Njia inayofaa ni kushuka hadi kwenye kata. Kwa Dar es Salaam kuna kata nane ambazo hakuna anayezibishia kuwa ni katikati: Kivukoni, Kisutu, Mchafukoge, Upanga Mashariki na Upanga Magharibi upande wa bahari, kisha Kariakoo, Gerezani na Jangwani upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Katika sensa ya 2012 kata hizo kwa pamoja zilikuwa na watu karibu 90,000. Kariakoo pekee ilikuwa na watu 13,780, na Kisutu, ambayo mtu anaweza kuizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, zaidi kidogo ya 8,000.

Kwa Nairobi kitengo cha karibu ni kaunti ndogo ya Starehe, iliyohesabiwa watu 210,423 mwaka 2019. Idadi hiyo ikiwekwa kando ya 90,000 za Dar es Salaam, Nairobi inaonekana imeshinda mbali. Lakini Starehe ni gunia lililotiwa vitu vingi: ndani yake mna Ngara, Pangani, Ziwani na Kariokor, Landimawe, na mitaa ya Nairobi South iliyo nje kabisa ya tao. Ukiyatoa hayo, ile pembe nne yenyewe, isiyozidi sana kilomita moja ya mraba, inabaki na fleti za kuhesabika, lojingi, hoteli kubwa, na vyumba vya walinzi juu ya mapaa. Hakuna mtaa wa makazi ndani yake. Hakuna mzazi anayempeleka mtoto wake chekechea kwa kuvuka Kenyatta Avenue kila asubuhi kwa sababu nyumbani ni ng'ambo ya barabara.

Ugumu wa pili uko katika namna ya kuhesabu. Nchi zote mbili huhesabu watu pale walipolala usiku wa sensa, si pale wanapodai ni kwao. Kwa mashambani tofauti ni ndogo. Kwa katikati ya jiji ni kubwa. Mgeni wa hoteli, mgonjwa aliyelazwa, abiria aliyekwama stendi na mtoto anayelala barazani mwa duka wote huingia kwenye hesabu ya eneo hilo, na makarani wa nchi zote mbili hutumwa usiku kuwatafuta. Kenya ilihesabu usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na serikali ilikuwa imeamuru baa zifungwe saa kumi na moja jioni. Tao la usiku huo halikuwa tao la kila Jumamosi. Tanzania ilianza na usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na siku hiyo ikafanywa ya mapumziko, watu wakae nyumbani wahesabiwe. Kwa kata kama Kisutu, ambayo wakazi wake wako vyumbani mwao usiku wowote ule, amri kama hizo hazibadilishi mengi. Kwa tao la Nairobi zinaweza kubadilisha hesabu nzima, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanaoonekana humo usiku ni wapita njia na watu wa zamu.

Chanzo cha tofauti kiko nyuma sana. Dar es Salaam ilianzishwa miaka ya 1860 na Sultani Majid wa Zanzibar kando ya kijiji cha Mzizima, ikiwa bandari, na bandari huvuta watu wakae karibu na maji. Wajerumani walipoifanya makao makuu yao mwaka 1891 walikuta tayari kuna maduka, misikiti na nyumba za udongo pamoja. Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kituo cha kukusanyia vifaa vya reli, kwenye tambarare yenye majimaji ambako hapakuwa na mji wa kuurithi. Ilihamishiwa makao makuu ya utawala kutoka Mombasa mwaka 1905. Waliokaa katikati yake mwanzoni walikuwa wafanyakazi wa reli na wafanyabiashara wa Kihindi, na hata hao walikaa kwa wasiwasi: tauni ilipoingia mwaka 1902, Bazaa ya Wahindi ilitiwa moto kwa amri ya serikali. Tangu mwanzo huo, watawala wa Nairobi waliyatazama makazi ya katikati kama ugonjwa wa kutibiwa.

Ubaguzi wa makazi ulikuwepo kote kuwili, na ni kosa kudhani kuwa Dar es Salaam ilisalimika. Wajerumani waliigawa kwa kanuni za ujenzi: upande wa mashariki majengo ya Kizungu tu, katikati majengo ya kudumu ambamo Wahindi na Waarabu walijenga maduka, na magharibi nyumba za Waafrika. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo, kwa kisingizio cha afya. Lakini Mnazi Mmoja unavukwa kwa dakika chache. Mpishi aliyefanya kazi Uzunguni na mshona nguo aliyefanya kazi Uhindini waliweza kulala Kariakoo na kufika kazini kwa miguu. Mipango ya kikoloni iliwatenga Waafrika wa Dar es Salaam kwa uwanja. Ile ya Nairobi iliwatenga kwa mto, reli na maili kadhaa.

Jina la Kariakoo linaeleza jambo hili vizuri kuliko ramani. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza na kufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kambi ya wapagazi hao ilikuwa pale ambapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kupima viwanja vya mji wa Waafrika. Nairobi nayo ilikuwa na kambi yake, na matamshi ya huko yakaizaa Kariokor. Wapagazi wa kikosi kimoja, jina moja, na majiji mawili yakalipeleka njia mbili. Kariakoo ilibaki pua na mdomo na Uhindini, ikakua na mji hadi ikawa ndiyo mji. Kariokor ikabaki ng'ambo ya mto, ikajulikana kwa soko lake la viondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Hadi leo mtu wa Kariokor akitaka kwenda tao husema anakwenda tao.

Upande wa mashariki wa Nairobi ulijengwa kwa mtindo huo huo wa kuwaweka watu kando: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, za Muthurwa na Makongeni. Nyumba nyingi zilikuwa vyumba vya wanaume wasio na familia, kwa sababu Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mji, aliyeruhusiwa kuwemo kadiri kazi yake ilivyodumu. Mpango Mkuu wa mwaka 1948, mwaka ambao Nairobi ilikuwa na watu 118,976 na Dar es Salaam zaidi ya 69,000, uliichukulia katikati kuwa mahali pa ofisi, mahakama na maduka, na makazi yakapangwa kwa vitongoji nje yake. Mipango mingi ya kikoloni iliishia kabatini. Huu ulifuatwa, na kwa bahati mbaya ulifuatwa vizuri.

Nyumba yenyewe ilichangia. Kariakoo ilijengwa kwa nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma kwa kupikia na kuogea, baraza mbele kwa mazungumzo. Nyumba hiyo inapangishwa chumba kwa chumba, na mwenye nyumba mara nyingi anakaa humo humo na wapangaji wake. Mwenye nyumba alikuwa Mwafrika, mara nyingi mwanamke mjane au mzee mstaafu, na kodi ya vyumba vitano ndiyo iliyomlisha. Kwa hiyo ardhi ya katikati ya Dar es Salaam ilikuwa na mwenyewe aliyelala juu yake. Landi ya Nairobi ilikuwa ya mwajiri, na kibarua kikiisha chumba kiliisha nacho.

Kuhusu Uhindini, majiji yote mawili yalianza sawa: duka chini, familia ghorofani, na jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi vikiandikwa kwa saruji juu ya roshani. Mtaa wa Biashara wa Nairobi, ulioitwa zamani Bazaar Street, na mitaa ya Kisutu na Mchafukoge iliweza kubadilishana picha bila mtu kugundua. Kilichofuata baada ya uhuru ndicho kilichotenganisha.

Kenya ilipitisha mwaka 1967 sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana Waasia wasio raia, na mwaka 1968 maelfu waliondoka kwenda Uingereza kabla mlango wa huko haujafungwa. Sensa ya 1962 iliwakuta Waasia 176,613 nchini. Ile ya 1969 ikawakuta 139,037. Waliobaki walikuwa wameanza kitambo kusogea kutoka katikati kwenda Ngara, na kutoka Ngara kwenda Parklands, kwenye bustani na hewa ya juu. Ghorofa zao za katikati zikabaki mikononi mwa watu binafsi, na mtu binafsi hufanya hesabu. Chumba kilicholipiwa kodi ya familia kiliweza kulipa mara kadhaa kikiwa ofisi ya wakili au karakana ya fundi cherehani. Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, lakini kinga yake iliishia kwenye kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi, na mfumuko wa bei ukaiacha sheria hiyo ikilinda vyumba ambavyo katikati ya mji havipo tena. Sheria ya mwaka 1965 inayolinda wapangaji wa maduka na hoteli ndiyo iliyobaki na meno. Kwa maneno mengine, mwenye duka wa Nairobi alikuwa na pa kushika, mwenye kitanda hakuwa napo.

Tanzania ilichukua njia nyingine, na iliichukua kwa siku chache. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa nchini, mengi Dar es Salaam, mengi mali ya Waasia, na yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi hayakulipiwa fidia. Ilikuwa dhuluma kwa watu wengi walioweka akiba ya maisha katika ghorofa moja ya vyumba sita, na wengi wao walihama nchi. Hata hivyo, kwa swali la makazi, sheria hiyo ilifanya jambo ambalo wala haikukusudia: iliyagandisha majengo. Msajili wa Majumba, na baada yake Shirika la Nyumba la Taifa, hakuwa na haraka ya kumtoa mpangaji ili aweke ofisi. Kodi zilikaa chini miaka na miaka, hadi udhibiti ulipoondolewa katikati ya miaka ya 2000, na mpangaji aliyepata fleti Mtaa wa Zanaki aliishika kama urithi. Aliyetaka kuingia alimpa anayetoka kilemba, pesa isiyo na risiti, na wakati mwingine kilemba kilizidi kodi ya miaka mingi. Serikali iliyotaka kuondoa ubepari mjini ikajikuta imeweka soko la siri la funguo. Lakini watu walibaki. Jamatkhana ya Khoja Ismailia, misikiti ya Mabohora na Mashia Ithnaasheri, mahekalu ya Kihindu, shule na hospitali za Upanga, vyote viliendelea kuwa umbali wa kutembea, na mahali pa ibada palipo karibu humfunga mtu kuliko mkataba.

Jengo moja la aina hiyo huko Kisutu laweza kusimama badala ya mengi. Chini kuna duka la vitambaa na duka la vifaa vya umeme. Kando yake mlango mwembamba unaingia kwenye ngazi za terazo zilizolika katikati ya kila kidato. Ukutani, chini ya ngazi, mita za umeme za LUKU zimepangwa safu mbili, na anayezihesabu anajua idadi ya majiko yaliyo juu bila kumuuliza mtu. Ghorofa ya kwanza kuna viatu vya watoto nje ya mlango, na baiskeli imefungwa kwa mnyororo kwenye kitasa. Ya pili, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Ya tatu, bibi amekaa roshani akiteremsha kikapu kwa kamba kwa muuza mboga aliyeko chini, na bei wanapatana kwa sauti inayosikika mtaa mzima. Juu ya paa yamejaa matangi ya maji, kwa sababu bomba la mji halifiki huko kwa nguvu zake lenyewe. Saa mbili usiku barabara ya mbele imeachwa na magari, na vijana wameigeuza uwanja wa kriketi, tairi ikiwa ndiyo wiketi.

Saa hiyo hiyo River Road ya Nairobi ina watu wengi, pengine wengi kuliko Kisutu, lakini karibu wote wamebeba kitu. Mabasi ya usiku yanapakia kwenda magharibi, hamali wanasukuma mikokoteni yenye marobota, wachuuzi wametandaza nguo chini kwa kuwa askari wa kaunti wamekwisha kuondoka. Madirisha ya ghorofa yana taa chache; nyingi ni za lojingi, na nyingine za mafundi wanaomaliza oda. Kufikia saa tano mitaa inapwaya. Soja aliyevaa koti zito anavuta kiti chake hadi kwenye mlango wa chuma, na hatua kadhaa kutoka kwake watoto wa mtaani wanakunja katoni za kulalia. Hao, pamoja na soja, ndio watakaokuwa wakazi wa jengo hilo kama karani wa sensa atapita usiku huo.

Kuanzia miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, Kariakoo iliingia katika mabadiliko ambayo hayajaisha. Nyumba ya Kiswahili moja baada ya nyingine ilibomolewa, na kiwanja kile kile chembamba kikapandishwa ghorofa sita, nane, kumi na zaidi. Mara nyingi warithi wa mwenye nyumba waliingia ubia na mfanyabiashara: wao walitoa kiwanja, yeye akatoa saruji na nondo, wakagawana fremu za chini na fleti za juu. Matokeo yake idadi ya wakazi wa Kariakoo ilipanda badala ya kushuka. Kiwanja kilicholaza familia sita kikalaza ishirini, na bado chini kukawa na maduka. Ni mara chache katika Afrika Mashariki soko kubwa limekua pamoja na wakazi wake bila kuwafukuza, na hili la Kariakoo linastahili kuchunguzwa zaidi ya linavyochunguzwa.

Upande wa Kisutu na Upanga, Shirika la Nyumba na kampuni za ubia zilifanya vivyo hivyo kwa majengo ya ghorofa tatu ya miaka ya 1950. Gharama zake zilionekana. Mabomba ya majitaka yaliyotandazwa kwa ajili ya majengo mafupi yanatapika mvua za masika zikianza, maegesho hayapo, na usimamizi wa ujenzi umeshindwa mara kadhaa kwa njia ya kutisha. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo saa za biashara na kuua tena watu wengi. Ajali hizo ni sehemu ya hesabu ya makazi: pale ambapo mahitaji ya vyumba na fremu yanazidi uwezo wa mkaguzi, nguzo ndizo zinazopunguzwa unene.

Nairobi nayo ilijenga maghorofa ya kupangisha kwa kasi, tena mengine marefu na ya msongamano kuliko ya Kariakoo, lakini iliyajenga Pipeline, Huruma, Zimmerman, Githurai na Eastleigh. Eastleigh ndiyo iliyo karibu zaidi na mfano wa Kariakoo: maduka ya jumla chini, familia juu, misikiti na madrasa karibu, bidhaa za Dubai na wateja kutoka nchi jirani. Anayeitafuta Kariakoo ya Nairobi ataipata huko, kilomita chache mashariki ya tao, na si ajabu kwamba sehemu kubwa ya biashara ya jumla imehamia huko pia. Ndani ya tao lenyewe kilichoongezeka ni vibanda. Duka moja la zamani limekatwa vipande kumi au ishirini vya mbao na vioo, kila kimoja na mpangaji wake, na mtindo huo umepanda hadi ghorofa za juu ambako zamani palikuwa na vyumba vya kulala. Kwa mwenye jengo, mpangaji wa kibanda ni bora kuliko familia: hatumii maji mengi na saa tatu usiku hayupo.

Usafiri umeathiri pande zote mbili kwa namna tofauti. Mwendokasi, mfumo wa mabasi ya haraka ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni na tawi la Gerezani, umemwezesha mfanyakazi wa Posta kukaa mbali bila kupoteza saa tatu njiani, na hiyo ni sababu ya kutokaa katikati. Hata hivyo, waliokwisha kuwemo katikati hawakuondoka, kwa kuwa kilichowaweka si nauli. Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inapita ubavuni mwa tao bila kulazimika kuligusa. Ofisi nyingi kubwa zilikuwa zimekwisha kuhamia Westlands na Upper Hill, na hoteli ya Hilton, iliyokuwa alama ya katikati ya mji kwa zaidi ya miaka 50, ilifungwa mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo tao linapoteza wa mchana pia, huku wa usiku likiwa halikuwahi kuwapata.

Hapo ndipo mielekeo ya majiji haya mawili imeanza kukaribiana, kila mmoja ukitoka upande wake. Nairobi imeanza kurudisha vitanda pembezoni mwa tao. Mradi wa Park Road huko Ngara umejenga nyumba zaidi ya 1,300, umbali wa kutembea hadi Moi Avenue, na nyumba za zamani za kaunti zilizoko Ngara na Pangani zimebomolewa kupisha maghorofa. Nyumba hizo bado ziko ng'ambo ya mto, upande ule ule wa Kariokor, lakini mkazi wake anaweza kwenda kazini kwa miguu na kurudi kula mchana, jambo ambalo mfanyakazi wa Nairobi hakupangiwa tangu mwaka 1899.

Kariakoo, kwa upande wake, imeanza kubadilisha watu kwa mizigo. Kwanza ghorofa ya chini pekee ndiyo iliyokuwa maduka. Kisha ya kwanza na ya pili zikawa maduka pia, ya tatu ikawa stoo, na sasa kuna majengo ambamo mabunda ya vitenge na maboksi ya simu yamefika ghorofa ya tano. Mwenye fleti anapewa kodi ya mwaka mzima mkononi na mfanyabiashara wa jumla, kiasi ambacho mpangaji mwenye watoto watatu hawezi kukifikia. Mlango wa mbao unang'olewa na wa chuma unawekwa, jiko linafungwa, na chumba cha kulala kinajaa hadi dirishani. Mita ya LUKU inabaki palepale ukutani, chini ya ngazi, lakini uniti zake zinapungua taratibu sana, kwa kuwa ndani imewashwa taa moja tu.